Nyumba za Hafiz Kabla ya Wageni wa Desemba

"Usiguse hiyo chupa ya chai kwa mkono mtupu," Sajini Nyanchera alisema.

Konstebo Aden aliurudisha mkono mfukoni. Chupa ilisimama juu ya meza ya sebule, na kando yake vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na chai nusu, imeshika utando wa maziwa. Kingine kilikuwa na maji na kipande cha limau.

Nyumba hii ya Mosocho ni mojawapo ya nyumba mbili ambazo Hafiz, mwenye duka la vyombo vya umeme mjini Kisii, hukodisha kwa wageni wa siku chache. Jana jioni, Alhamisi, walifika mtu na mkewe kutoka Nakuru, Anyona na Nyakerario. Asubuhi hii Eucabeth, mama anayesafisha nyumba, aliwaletea ndizi na mayai. Alibisha, akabisha tena, mwishowe akafungua kwa ufunguo wake. Alimkuta Anyona bafuni, amekufa. Nyakerario alikuwa kitandani, anapumua kwa shida. Sasa yuko hospitalini na hajafumbua macho.

Chai ilikuwa ya Eucabeth. Aliipika kwake, akawaachia wageni mezani kama anavyofanya siku zote. Kabla jua halijapanda vizuri, soko zima la Mosocho lilikuwa limeshaamua ni chai gani ile. Inspekta Obadiah naye aliamua pamoja nalo. Eucabeth alikuwa seli ya Kisii, na mtoto wake anyonyaye mgongoni.

"Nani alikunywa nini?" Nyanchera aliuliza.

"Wote wawili chai, madam. Kikombe kimoja, kingine..."

"Kingine ni maji ya limau. Angalia mkoba wa mama. Kuna kijitabu cha lesoni ya Sabato ndani. Kuna Wasabato hawagusi majani chai kabisa, hata wakizaliwa katikati ya shamba lake."

"Basi sumu iko kwa limau," Aden alisema.

"Wewe nenda ukakamate limau. Mimi naangalia bafu."

Bafu lilikuwa ndani ya chumba cha kulala. Chumbani dirisha lilikuwa limeachwa wazi kidogo, lakini la bafuni, dogo la juu, lilifungwa. Kwa baridi ya jana hakuna mgeni ambaye angeliacha wazi. Ukutani ilining'inia hita ya gesi, ile ambayo ukifungua maji, moto unawaka wenyewe, na chini yake mtungi. Nyanchera hakuiwasha. Alisimama akitazama ukuta.

Kutoka sakafuni hadi kimo cha mwanamke aliyenyoosha mkono, vigae vilikuwa vimesuguliwa vikang'aa. Juu ya hapo, kuzunguka hita na kwenda darini, kulikuwa na masizi meusi, mazito, ya siku nyingi.

"Nani amesafisha huku?"

"Huyo mama, bila shaka."

"Na nani hakuangalia kule?"

Aden aliinua macho hadi darini.

Walitoka nje na kuzunguka nyumba hadi pale bomba la moshi lilipotokeza ukutani. Aden alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaingiza vidole. Alitoa nyasi kavu, manyoya, kipande cha uzi wa sweta, kisha nyasi tena. Shomoro walikuwa wamejenga humo msimu nyumba ilipokuwa haina watu, na nyasi zote zilikuwa zimeshika masizi.

"Moto ulikosa pa kupumulia," Nyanchera alisema. "Ukarudisha moshi wake ndani."

Hafiz aliwakuta hapo hapo. Alikuwa amevaa kanzu tayari kwa swala ya Ijumaa, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajakaa chini tangu asubuhi.

"Sajini, dadangu, niambie ukweli. Ni chai?"

"Hita zako ziliangaliwa lini?"

"Wiki iliyopita. Kila mwaka kabla ya Desemba naangalisha kila kitu. Friji, jiko, maikrowevu, hita. Nyumba zote mbili. Watu wanakuja nyumbani kwa tohara za watoto, wanataka maji moto, na kikikosekana kitu kimoja wanaandika kwenye simu dunia nzima isome."

"Nani aliangalia?"

"Fundi Nyabuto. Mzee mwaminifu. Na Eucabeth alikuwa naye. Hiyo ni sheria yangu, fundi haachwi peke yake ndani ya chumba. Waliwahi kunibebea televisheni."

"Nyumba ya pili iko wapi?"

"Ikonge, kule Nyamira, kwa majani chai."

"Ina watu?"

Hafiz alitazama bomba, kisha nyasi mkononi mwa Aden. Sauti yake ilishuka. "Wanaingia leo. Mwalimu Onsongo na mkewe, kutoka Nairobi. Wana mtoto mchanga."

"Wapigie simu. Waambie wasifungue maji moto."

Alipiga. Haikupatikana. Alipiga tena akiwa ameipa nyumba mgongo. Mwalimu alikuwa ameambiwa ufunguo uko chini ya chungu cha maua, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumpokea, wala jirani ambaye Hafiz alijua namba yake.

"Hao ni Wasabato?" Nyanchera aliuliza.

"Aliniuliza kanisa liko wapi. Ndiyo. Kwa nini?"

"Leo ni Ijumaa, Hafiz, Sabato inaingia jioni. Kabla jua halijatua wataoga wote."

*

Hospitalini, daktari alizungumza haraka, kama mtu aliye na wagonjwa wengine mlangoni. Midomo ya Nyakerario ilikuwa myekundu isivyo kawaida, na ya marehemu vilevile. Alishuku kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana na isiyo na harufu. Alikuwa amemwekea mgonjwa oksijeni. Kipimo cha kuthibitisha hakuwa nacho.

"Anashuku," Inspekta Obadiah alirudia, akiwa kituoni Kisii nyuma ya meza yake. "Mimi nina chupa ya chai. Nina mwanamke aliyepika chai. Nina watu nje wanaotaka kujua serikali inafanya nini."

"Afande, mke hakunywa chai."

"Labda alionja."

"Kuna familia Ikonge. Nipe gari."

"Gari ni moja. Nikikupa uende kuangalia viota vya ndege, huku nje watu wakianza kurusha mawe nitawafukuza na nini? Piga Nyamira."

"Nimepiga. Gari lao limetoka na mkubwa kwenda mkutanoni. Likirudi watatuma mtu."

"Si umeona. Na fundi anasema nini?"

"Ndiyo naenda kumwuliza."

"Fundi akisema hita za nyumba zote mbili aliziangalia zikawa sawa, basi hiyo ya Ikonge ni salama na tunarudi kwa chai. Akisema hakuziangalia, chukua gari. Hapo nitakuelewa."

Nyabuto alikuwa ameletwa. Nyanchera alitoka ofisini wakati huo huo, na alichokiona kwenye ukumbi kilimsimamisha. Eucabeth alikuwa ametolewa seli, amekaa kwenye benchi akinyonyesha. Mzee alitokea mlangoni na mkoba wake wa vyombo begani. Eucabeth alimtoa mtoto kwenye ziwa mara moja, akajifunika leso hadi shingoni, akainuka na kusimama ukutani akitazama sakafu. Mzee naye aligeuka. Alirudi nje na kusimama kwenye manyunyu, ingawa askari alimwambia kuna nafasi ndani.

Aden alimsogelea Nyanchera. "Umewaona? Hata kutazamana hawawezi. Hawa wamepanga kitu, madam. Huyo mzee anajua habari ya chai."

"Umekaa Kisii muda gani, Aden?"

"Tangu Agosti."

"Mlete mzee ofisini kwangu. Umpitishe mlango wa nyuma, asipite mbele ya yule mama."

Nyabuto alikaa ukingoni mwa kiti. Mikono yake ilikuwa mikubwa, na alijibu kwa heshima.

"Hita za Hafiz uliziangalia, mzee?"

"Zote ziko sawa."

"Sijauliza kama ziko sawa. Uliziangalia?"

"Nyumba ziliangaliwa. Moto uliwaka. Maji yalitoka moto."

"Hita ya Mosocho ina rangi gani?"

Mzee alifikiri. "Ni za siku hizi. Nyeupe."

Ilikuwa ya kijivu. Nyanchera aliangalia saa ya ukutani, akaangalia mvua dirishani.

"Mzee, mtu amekufa. Kuna mtoto mchanga Ikonge. Nakuuliza tena."

"Ziko sawa," Nyabuto alisema. Akaupakata mkoba wake wa vyombo.

*

Eucabeth aliingia na mtoto aliyelala. Nyanchera alimvutia kiti chenye mto, akamwambia Aden asimame nje ya mlango.

"Mama, si wewe uliyemuua. Mimi najua. Lakini kujua kwangu hakutoshi."

Eucabeth alianza kulia bila sauti, akifuta uso kwa ncha ya leso.

"Mumeo anaitwa nani?"

"Nyangau. Yuko Naivasha, kwenye mashamba ya maua."

"Na baba yake Nyangau?"

Eucabeth alimtazama mtoto. Aliinamisha kichwa, akarekebisha kofia yake ndogo ambayo haikuwa imepinda.

"Huwezi kumtaja," Nyanchera alisema.

"Si vizuri."

"Hafiz anajua?"

"Hajui. Angesema tumejazana familia moja kazini, angetoa mmoja."

Mlangoni Aden alikohoa. Nyanchera alimwashiria anyamaze. Nyumbani kwa kina Nyanchera, baba yake aliwahi kukaa nje kwenye mvua mpaka mke wa mwanawe alipomaliza kupita uani. Hiyo ndiyo chinsoni. Baba na mke wa mwanawe hawapeani mkono, na hawakutani mahali pa kulala wala pa kuoga. Hakuna aliyeiandika popote, na hakuna Mgusii anayehitaji kuandikiwa. Sheria ya Hafiz ilimtaka Eucabeth asimame ndani ya kila chumba pamoja na fundi, baba mkwe wake. Sheria ya kwao ilikataza, na hakuna kati ya wawili hao ambaye angeweza kulieleza jambo hilo mbele ya mwingine, wala mbele ya polisi.

Kumwuliza kuhusu mzee kusingefaa kitu.

"Sitakuuliza mtu mwingine alifanya nini," Nyanchera alisema. "Niambie wewe tu. Siku ile Mosocho, friji ilipokuwa ikiangaliwa, wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Karibu na mlango."

"Na jiko?"

"Hapo hapo."

"Na hita?"

Mtoto alivuta pumzi ndefu usingizini.

"Wewe, mama. Wewe ulisimama wapi?"

"Bafuni."

"Ulikuwa na nani bafuni?"

"Peke yangu."

"Ulifanya nini?"

"Nilifungua maji. Moto ukawaka. Nikasema, umewaka."

"Ulisema kwa sauti?"

"Kwa nguvu. Aliyekuwa sebuleni asikie." Alimpakata mtoto vizuri. "Akaniambia, kama umewaka ni sawa. Ule weusi mimi nilidhani ni uchafu tu. Nilisugua mpaka pale mkono unafika."

"Na Ikonge?"

Eucabeth aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameshafika pale Nyanchera alipokuwa akimpeleka.

"Ikonge pia," alisema. "Ikonge hata ndani ya chumba cha kulala hakukanyaga. Sajini, kule dirisha la bafu halifunguki. Lilipakwa rangi likashikana."

Nyanchera alikuwa ameshasimama.

Inspekta Obadiah alisikiliza akiwa amesimama pia. Alitoa funguo za gari, akaziweka mezani bila kumtazama. "Nenda na fundi. Huyo mama anabaki. Bado ni mshukiwa."

"Anaijua ile nyumba, afande. Atakuwa chini ya ulinzi wangu."

"Akitoroka?"

"Mtoto wake anabaki hapa na askari wa zamu. Hatoroki."

*

Eucabeth alikaa mbele, karibu na Nyanchera aliyekuwa akiendesha. Nyabuto alikaa nyuma na Aden, mkoba wa vyombo magotini, uso dirishani. Njiani simu ya Hafiz iliingia.

"Simu ya mwalimu bado haipatikani," Hafiz alisema kwenye spika. "Nimetoka msikitini napiga tu. Na mimi niko njiani nyuma yenu."

"Endelea."

Walipoupita mji wa Nyamira mvua iliacha, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu sasa jua lilionekana, na lilikuwa chini. Lori la majani chai liliwazuia kwenye mlima. Nyanchera alipiga honi, akavuka mstari. Aden alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, akasema kitu kwa Kisomali.

"Ni hapo, penye mkaratusi," Eucabeth alisema. "Lango jeusi."

Mwalimu Onsongo alikuwa barazani amevaa kandambili, akipiga pasi shati jeupe juu ya meza. Aliwaona polisi wakiruka kutoka garini, akabaki ameinua pasi hewani.

"Mkeo yuko wapi?" Nyanchera aliuliza.

"Anamwogesha mtoto. Sabato inaingia. Kuna nini?"

"Ameingia muda gani?"

"Si muda... ni muda kidogo. Simu ilizima njiani, nilikuwa nataka..."

Walimpita. Chumbani kulikuwa na masanduku wazi na nguo ndogo zimepangwa kitandani. Nyuma ya mlango wa bafu, mlango wa chuma, maji yalikuwa yakitiririka, na hakuna sauti nyingine. Eucabeth alikuwa wa kwanza kuufikia. Aliupiga kwa viganja.

"Mama mtoto. Mama mtoto, fungua."

Maji tu.

"Amefunga kwa ndani," Onsongo alisema nyuma yao. "Hupenda kufunga." Kisha akaanza kuliita jina la mkewe.

Aden aliupiga mlango kwa bega. Ulilia kama debe, haukutikisika. Alipiga tena, akashika bega lake.

"Bawaba," Nyanchera alisema. "Zing'olewe bawaba. Mzee yuko wapi?"

Nyabuto alikuwa kwenye kizingiti cha chumba cha kulala. Mkoba ulikuwa wazi mkononi, tindo na nyundo zimeshatolewa, na miguu yake miwili ilikuwa sebuleni. Alitazama kitanda, akamtazama mke wa mwanawe aliyesimama kwenye mlango wa bafu, akatazama chini. Alinyoosha vyombo kumpa Aden.

"Wewe chukua," alisema. "Unaweka hapa chini ya pini, unagonga kwenda juu."

Aden alivichukua, akagonga. Tindo iliteleza ikakwaruza rangi. Aligonga tena, ikateleza tena.

Eucabeth aligeuka. Leso ilikuwa imemteleza hadi mabegani na hakuirudisha. Alimtazama mzee usoni, akamwita baba kwa Ekegusii.

"Tata, ingia."

Nyabuto hakusogea.

"Ingia, tata. Mimi ndiye ninayesema."

Mzee alivuka kizingiti. Alipita karibu na Eucabeth kiasi cha kumgusa, akamnyang'anya Aden tindo, akapiga magoti. Pini ya chini ilitoka kwa mapigo machache. Ya juu ilikuwa na kutu. Aliipiga akihesabu kwa Ekegusii chini ya pumzi, na ilipotoka, yeye na Aden waliuvuta mlango ukaja na kipande cha plasta.

Mvuke uliwapiga usoni. Mke wa Onsongo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, macho nusu wazi yasiyoona. Beseni lilikuwa katikati ya miguu yake, na mkono wake mmoja bado ulikuwa chini ya shingo ya mtoto, umemwinua juu ya maji.

Nyabuto aliingia kwanza akiwa amebana pumzi, macho yake kwenye hita tu. Alifunga mtungi. Eucabeth aliingia ubavuni mwake, akamchukua mtoto. Nyanchera na Onsongo walimburuta mama kwa makwapa, kupitia chumbani, kupitia sebuleni, hadi kwenye nyasi zenye maji ya mvua.

Mama alianza kukohoa, kisha akatapika. Onsongo alimshika kichwa.

Mtoto hakulia. Eucabeth alimlaza kwenye mapaja yake, akamsugua mgongo, akampulizia usoni, akamsugua tena. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu kisichosikika. Nyanchera alikuwa na simu sikioni akiita gari la wagonjwa kutoka Nyamira, akirudia jina la Ikonge mara mbili, na wakati wote huo hakuondoa macho kwenye kile kifua kidogo.

Mtoto alipiga chafya. Kisha akalia, kwanza kama paka, halafu kwa hasira.

Onsongo alikaa chini kwenye maji, akafunika uso.

Aden alizunguka nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuwa na bonge la udongo mgumu kiganjani, nyumba ya nyigu. "Bomba lote," alisema. Alimtazama Eucabeth, kisha mzee, na alionekana kama mtu anayetaka kuomba radhi lakini hajui aanze na nani.

Nyanchera alimpigia Inspekta Obadiah. Alieleza kwa maneno machache. Obadiah akasema, "Nataka maelezo ya huyo fundi. Yaandikwe kabla hajapata wakili wala usingizi. Bila hayo, yule mama wa chai bado yuko kwenye kitabu changu cha washukiwa."

Nyabuto alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza, mbali na wote, akirudisha vyombo mkobani kimoja kimoja. Nyanchera alikaa ngazi ya chini yake.

"Mzee, nitakuuliza kwa mara ya mwisho. Kama unataka, Eucabeth nitamwambia aende kule langoni kwanza."

Nyabuto alifunga zipu ya mkoba. "Akienda, utaandika maneno yangu peke yake?"

"Nitaandika."

"Na yeye atajuaje nimesema nini?"

Nyanchera alifungua daftari. Gari la Hafiz lilikuwa likiingia langoni. Aden alitoka mbio kulisimamisha, ili mke wa Onsongo na mtoto wakimbizwe hospitalini bila kungoja.

"Andika," Nyabuto alisema kwa sauti iliyofika hadi kwenye nyasi. "Naitwa Nyabuto. Bafu la Mosocho sikuingia. La Ikonge sikuingia. Mke wa mwanangu aliniambia moto umewaka, mimi nikamwambia Hafiz nimeangalia. Yeye hakudanganya mtu. Aliyedanganya ni mimi."

Eucabeth alikuwa amemrudisha mtoto kwa baba yake. Aliisikia kila sentensi. Angeweza kuondoka, njia ilikuwa wazi. Aliivuta leso yake mabegani, akaikunguta, akajifunika kichwa, akaelekeza uso kwenye mashamba ya majani chai ili mzee aseme bila yeye kumtazama. Alisimama hapo hapo mpaka mzee alipomaliza.